Uchambuzi wa kisa: darasa zima lilijibu 3, 9 na 7

Mazingira

Shule ni ya msingi, ya serikali, kanda ya ziwa huku kwa wakulima wa pamba. Jina la shule na la kijiji nimeyaacha, na watoto sitawataja. Darasa la tatu, watoto 84, madawati hayatoshi kwa hiyo dawati la watatu linakaliwa na wanne, kipindi ni dakika 40. Mwalimu wa hisabati nilikuwa mimi, kwa hiyo hiki ni kisa changu mwenyewe. Nakiandika kwa sababu kila nikikaa na walimu wenzangu nasikia maumbo ni mada rahisi ila watoto wanaifeli kwa uvivu, na mi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo hivyo miaka yote.

Mada ilikuwa maumbo yenye ujazo, yaani mchemraba (boksi lenye pande zote sawa), mche mstatili (boksi la kawaida, kama la viatu), mcheduara (kama kopo), pia (duara chini, ncha juu), tufe (kama mpira) na piramidi. Maumbo bapa walishayamaliza, mraba na mstatili na pembetatu na duara walikuwa wanayajua hata ukiwaamsha usiku.

Kilichotokea wiki ya kwanza

Nilianza na ubao. Nikachora mchemraba kama ambavyo wengi tunachora: mraba mmoja mbele, mistari mitatu imelala kwenda nyuma, halafu miwili ya kufungia. Mistari ya nukta nukta ya upande usioonekana sikuiweka, niliona itawachanganya. Nikachora na yale mengine matano, nikaandika majina chini, watoto wakaitikia kwa pamoja, wakanakili. Darasa likawa kimya na safi, na madaftari yakapendeza.

Ila dalili zilikuwepo, na nilizipita. Mtoto mmoja nilimsimamisha asome majina ubaoni, alipofika kwenye "pia" akalisoma neno halafu akanyamaza, akawa ananiangalia. Kumbe alikuwa anasubiri sentensi iendelee, maana kwake pia ni ile ya "na mimi pia". Mwingine akauliza mcheduara ni mche wa nini, wa mti gani. Na tufe, kila mtu alisema hiyo ni duara, na kwa kweli pale ubaoni ilikuwa ni duara, chaki yangu haikuchora kitu kingine zaidi ya duara yenye kivuli kidogo pembeni.

Ijumaa nikatoa jaribio. Swali moja lilikuwa na vipengele vitatu: mchemraba uliochorwa ubaoni una nyuso (yaani kuta) ngapi, kingo (mistari kuta zinapokutana) ngapi, vipeo (kona) ngapi. Jibu ni 6, 12 na 8. Nikakaa kusahihisha, daftari la kwanza limeandikwa 3, 9, 7. La pili 3, 9, 7. Nikaenda mpaka daftari la ishirini na kitu, wengi 3, 9, 7, wachache 3, 9, 8 au 4, 9, 7. Nikasema hawa wameangaliziana. Jumatatu niliingia na hasira, nikawaambia wamenakiliana, na binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, tumehesabu." Nikamwambia akae. Hilo neno lake nitalirudia huko mbele kwa sababu ndo kisa chenyewe.

Waliopata vyote vitatu walikuwa 6 kati ya 84, na nilipowauliza kwa mdomo, wanne kati ya hao walikuwa wamekariri namba kutoka kwa kaka au dada zao wa darasa la nne.

Maamuzi, na kwa nini niliyafanya

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuachana na ubao kwa muda. Sikuwa na nadharia yoyote kichwani, niliona tu kwamba mtoto aliyecheza na maboksi na makopo toka anatambaa hawezi kushindwa kujua boksi lina kuta ngapi, kwa hiyo nikaagiza kila mmoja aje na kitu kimoja kutoka nyumbani. Boksi, kopo, chochote.

Hapo nilikosea kwa kutosema nini kisiletwe. Kesho yake wamekuja na vitu vya kila aina, maboksi ya dawa ya meno, ya kiberiti, ya viatu, makopo ya maziwa, mpira wa makaratasi, ndoo ndogo, tofali zima mtoto kalibeba kichwani, karanga zimefungwa kwenye karatasi ile ya kuzungusha ikachongoka chini. Na katikati ya hayo yote kijana mmoja amekuja na kopo la dawa ya kupulizia pamba, mabaki yapo ndani, harufu unaisikia toka mlangoni, na lilishapita kwenye mikono ya wenzake watano au sita. Nililichukua kwa mfuko, nikaliondoa, nikawatoa nje wote waliolishika. Huku kwetu makopo ya aina hiyo yanazagaa majumbani, na mi ndo niliyesema leteni kopo lolote. Mwalimu anayesoma hapa, tafadhali hilo lisikupite: sema wazi kabisa kwamba makopo ya dawa, ya mafuta ya taa, ya kitu chochote chenye harufu kali hayaletwi, na mzazi ajulishwe.

Sasa maji ya kunawa yalikuwepo ila sabuni hamna. Nikamtuma kiranja dukani akanunue kipande. Akarudi na sabuni nzima ndefu ile ya bluu, ananiambia, "Mwalimu, vipande vimeisha, amenipa mche mzima."

Mche mzima. Neno nililokuwa nahangaika kulieleza wiki nzima mtoto amelitamka mwenyewe bila kufundishwa, na kitu chenyewe kipo mkononi mwangu, kimenyooka, kina kona kali, uso wa huku na uso wa kule ni sawa. Baada ya watoto kunawa kwa kipande cha kwanza nikaingia nao ndani, nikachukua uzi wa kushonea, nikaukata ule mche mbele yao. Nikawauliza, uso huu mpya umefananaje na ule wa mwisho? Sawa. Nikakata tena katikati. Sawa. Nikampa mtoto uzi akakata anapotaka yeye. Sawa. Wakaanza kuniambia kabla sijakata kwamba itakuwa sawa.

Nikachukua mshumaa wa stoo nikaukata, duara, nikakata tena, duara ya ukubwa ule ule, na hapo mcheduara haukuhitaji maelezo. Karoti niliiomba jikoni kwa walimu. Kata ya kwanza duara kubwa, ya pili ndogo kidogo, ya tatu ndogo zaidi, mpaka unabaki na ncha. Hii sio mche, walisema wenyewe. Hii ni pia, na nikawaonesha pia ya kuchezea ya mti, ile inayozungushwa kwa kamba, ambayo mlinzi wa shule alinichongea kwa dakika kumi. Toka siku hiyo hakuna aliyesubiri sentensi iendelee.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuwafungia macho, kwa maana ya kwamba kitu kinawekwa ndani ya kiroba, mtoto anaingiza mkono bila kuangalia, anawaeleza wenzake anachogusa na wenzake wanataja umbo. Sababu yangu ilikuwa moja: macho yalikuwa yanawapeleka kwenye maumbo bapa. Mtoto akiona chungwa anasema duara, akiligusa ndani ya kiroba anasema "linajaa mkono mzima, halina kona, halina pa kukaa". Hiyo "halina pa kukaa" ilitoka kwa mtoto ambaye muhula mzima alikuwa hajawahi kunyoosha mkono.

Majina ya nyuso, kingo na vipeo niliyachelewesha makusudi. Wao walisema ukuta, mkunjo na kona, nami nikayatumia hayo hayo kwa siku tatu, halafu ndo nikawaambia ukuta tunauita uso, mkunjo ni ukingo, kona ni kipeo. Wakapokea bila shida.

Tuliviringisha vitu sakafuni pia, kipi kinabiringika na kipi kinateleza tu. Ile karatasi ya karanga ilituacha wote tumesimama, maana ukiisukuma haiendi mbele, inazunguka ncha yake na kurudi ulipo. "Mwalimu, inarudi!" Wakarudia mara kumi na zaidi.

Kuchana maboksi tulikuchukulia rahisi kukatugharimu kipindi kizima. Boksi la dawa ya meno ukilifungua lina masikio ya kufungia na kile kipande cha gundi, kwa hiyo kundi moja likahesabu kuta 11, jingine 13. Ilibidi niagize masikio yote yakatwe tubaki na zile kuta zilizokuwa zinaonekana boksi likiwa limefungwa. Ndipo 6 ikatokea.

Halafu udongo na chelewa. Nilinunua fagio mbili za chelewa, nikakata vijiti vya urefu mmoja, kila kundi nikalipa vijiti 12 na watoto wakafinyanga vitonge vya udongo wa mfinyanzi. Jengeni boksi. Kundi lililofinyanga vitonge 7 liliona lenyewe kwamba kuna kijiti kinaning'inia, likafinyanga cha nane. Kundi moja niliwapa vijiti 8 na vitonge 5 wakapata piramidi, na wao ndo waligundua jambo ambalo sikulipanga kabisa: boksi la chelewa ukiligusa linalala upande, piramidi ukiigusa inakaa. Kijana mmoja akasema ndo maana baba yake akipaua nyumba anaweka mbao za pembetatu. Sikuwa na la kuongeza.

Dawati la mbele

Wiki ya tatu, boksi la viatu lilikuwa juu ya meza yangu, nikauliza lina nyuso ngapi, wakajibu 6 kwa pamoja. Yule binti wa "tumehesabu" akasema, "Zipo 6, ila kutoka hapa zinaonekana 3."

Nikaenda nikachutama kwenye dawati lake, macho yangu usawa wa macho yake. Mbele, ubavuni, juu. Tatu. Nikahesabu kingo zinazoonekana, tisa. Vipeo vinavyoonekana, saba. Nikahesabu tena.

Ndo walichoandika. Mchoro wangu wa ubaoni, ule usio na mistari ya nukta nukta, ulikuwa na nyuso 3, mistari 9 na kona 7 kamili, na swali langu lilisema "mchemraba uliochorwa ubaoni". Walihesabu nilichochora, wakahesabu bila kukosea, nami nikawapa kosa na kuwaita wanakili.

Jioni nilikusanya yale madaftari ya jaribio la kwanza. Sikubadilisha maksi kimya kimya, kesho yake nilisimama mbele nikawaambia kwamba jibu la 3, 9 na 7 lilikuwa sahihi kwa mchoro niliochora, hawakunakiliana, na maneno niliyowaambia siku ile hayakuwa ya haki. Nikamwomba yule binti radhi kwa sauti, darasa likisikia.

Kuanzia hapo kukawa na uamuzi wa mwisho, ambao kwa maoni yangu ndo uliobeba vyote: kufundisha kusoma mchoro kama somo linalojitegemea. Boksi juu ya meza katikati, kila mtoto anachora anachokiona kutoka alipokaa. Waliokaa usawa wa uso mmoja walichora mstatili tu, wa pembeni wakachora mistatili miwili, waliosimama wakapata tatu. Tukaibandika michoro ukutani tukaona kwamba boksi ni moja na michoro ni tofauti. Kisha nikaweka lile boksi la chelewa ambalo unaona mpaka nyuma, tukahesabu kingo tatu zinazojificha na kipeo kimoja kinachojificha, na zile ndo tukazichora kwa nukta nukta. Hapo nukta zikawa na maana, kwamba kitu kipo ila huoni kutoka hapa ulipo.

Matokeo

Jaribio la pili lilikuwa na mchoro wa mche mstatili wenye nukta nukta, na la mdomo la vitu halisi nililolifanya asubuhi asubuhi kwa siku nne, watoto wachache kila siku. Kwenye mchoro, 61 kati ya 84 walipata nyuso, kingo na vipeo vyote. Kwenye vitu halisi karibu wote walitaja umbo sahihi. Waliobaki wakisema chungwa ni duara walikuwa kama kumi na wawili, wengi wao ndo wale waliokosa siku za kiroba kwa ajili ya msimu wa kuvuna.

Ila jibu lililonifurahisha kuliko yote halikuwa kwenye jaribio. Ilikuwa mapumziko, watoto wanabishana kuhusu ndoo ya kuchotea maji kama ni mcheduara. Mmoja akasema ni mcheduara maana ina duara juu na duara chini. Mwenzake akamwambia, "Ukiikata juu unapata duara kubwa, ukiikata chini ndogo, kwa hiyo ni karoti iliyokatwa ncha." Mtoto wa miaka tisa anaamua umbo kwa sifa yake, sio kwa sura.

Uchambuzi

Nilikuja kusoma baadaye kuhusu walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina, ambao mwaka 1957 pale Utrecht waliwasilisha tasnifu zao kuhusu namna watoto wanavyopanda ngazi kwenye jometri. Ngazi ya chini mtoto anatambua umbo kwa sura yake nzima, linafanana na mlango, linafanana na mpira. Inayofuata anatambua kwa sifa, lina nyuso ngapi, ukikata inakuwaje. Kubwa kwenye kazi yao ni kwamba mwalimu akiongea lugha ya ngazi ya juu na mtoto yupo ya chini, hawasikilizani hata wakiwa chumba kimoja. Mi siku ya kwanza niliongea kingo na vipeo na watoto ambao walikuwa hawajapewa nafasi ya kushika kitu. Na jambo lenyewe sio jipya: Friedrich Froebel kule Ujerumani karne ya 19 aliwapa watoto wadogo tufe, mcheduara na mchemraba wa mti wavishike kwa mikono yao.

Kilichofanya kazi zaidi ni sabuni, na haikuwa kwenye andalio langu la somo. Iliwezekana kwa sababu neno mche lilikuwa tayari kwenye midomo ya watoto, la dukani, la kila wiki. Istilahi zetu za maumbo nyingi zina kitu cha kushika nyuma yake: pia ni ya kuchezea, tufe wanaliona wakubwa wao wakilirusha siku ya michezo, na nyumba ya msonge ya babu ni mcheduara umevikwa pia kichwani. Mi nilizifundisha kama maneno ya kitabuni yasiyo na kwao.

Chelewa nazo zilifanya kazi kwa sababu zinajisahihisha zenyewe. Mtoto akikosea hesabu, kijiti kinaanguka, mwalimu hana haja ya kusema kosa. Kwa mwalimu mwenzangu kuna njia ya kujihakiki: kwenye maumbo haya yenye nyuso bapa, jumlisha nyuso na vipeo kisha utoe kingo, lazima ubaki na 2. Mchemraba 6 na 8 toa 12. Piramidi ya mraba 5 na 5 toa 8. Majibu ya watoto, 3 na 7 toa 9, yanabaki 1, na hiyo peke yake ingeniambia kwamba wanachohesabu sio boksi lililofungwa, ni kitu kinachoonekana upande mmoja. Majibu ya aina moja darasa zima yalistahili kuulizwa yametoka wapi, kabla ya kuulizwa nani kamwangalizia nani.

Kilichofeli: kwanza lile kopo la dawa, hilo lilikuwa hatari na halina utetezi. Pili, kwa watoto 84 kiroba kimoja hakitoshi. Wa nyuma walisikia wenzao wakieleza lakini mikono yao haikufika, mpaka nilipotengeneza viroba sita, na hiyo ilikuwa siku ya tatu. Tatu, muda. Nilitumia karibu wiki nne kwa mada niliyoipangia mbili, na mada ya pesa ikabanwa, mtaaluma alilalamika na alikuwa na haki. Nikifundisha tena nitaunganisha sabuni na kuviringisha siku moja, na kuchana maboksi nitafanya na maboksi niliyokwisha kuyakata masikio nyumbani.

La nne halijakwisha mpaka leo. Mcheduara una nyuso ngapi na kingo ngapi? Ofisini tulibishana, wengine nyuso 3 wakihesabu na ule uliojipinda, wengine 2 za bapa tu, na vitabu navyo havikubaliani kwa sababu vingine vinaita uso kile kilicho bapa peke yake. Watoto nao waligawanyika vile vile. Niliamua swali hilo lisiingie kwenye jaribio la kuandika, nikawauliza kwa mdomo tu, na aliyeweza kuniambia kwa nini amesema 2 au kwa nini amesema 3 nilimpa maksi.